Zawadi Inayolipiwa

Ndugu mfanyakazi, jihadhari na zawadi ya picha. Huko Uingereza mtu huambiwa ameshinda bahati ya kupigwa picha studio bila malipo. Hutakiwa kutanguliza fedha kidogo, eti atarudishiwa. Akifika hupambwa, husifiwa, hupigwa picha nyingi. Kisha hukalishwa na muuzaji azitazame, na hapo ndipo bei hutajwa: mamia ya pauni, hata maelfu. Akisita, huambiwa picha zitafutwa leo hii, au akope alipe kidogo kidogo. Saa zinapita, anachoka, anatia sahihi.

Sheria ya huko ya mwaka 2008 ilikataza kumtangazia mtu ushindi wa zawadi ambayo kumbe ni lazima ailipie, na kumfanya aamini hawezi kutoka mpaka anunue. Sheria ya mwaka 2024 imeendeleza makatazo hayo. Lakini anayetia sahihi dukani kwa kawaida hana zile siku 14 za kughairi anazopewa anayenunua kwa simu.

Basi kinga ni kabla ya kushika kalamu. Uliza bei zote mapema, usitangulize fedha, na usitie sahihi siku hiyo hiyo. Mshahara wako ni jasho lako.