Asilimia Ndogo Kando ya Uvimbe

Mgonjwa mwenye uvimbe karibu na eneo la ubongo linaloendesha mkono hulazwa ndani ya mashine ya MRI, akaelekezwa akunje na kukunjua vidole kwa nusu dakika, kisha atulie kwa nusu dakika, na kurudia. Mashine hurekodi ishara inayotoka kila sehemu ya ubongo.

Ishara hiyo haipimi fikra wala umeme wa neva. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kuwa himoglobini iliyopoteza oksijeni huififisha picha. Eneo la ubongo linapofanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika kupita mahitaji, nayo ishara hupanda kidogo.

Kidogo kiasi gani? Namba za mashine hazina kipimo cha kudumu kama zile za joto la mwili. Mashine moja huweza kusoma 800 wakati wa utulivu na 816 wakati wa zoezi. Nyingine, 400 na 408. Ongezeko la 16 na la 8 halilinganishiki mpaka kila moja ligawanywe kwa kiwango chake cha utulivu na kuzidishwa kwa 100. Hapo yote mawili huwa asilimia 2. Kwa kuwa badiliko lenyewe ni dogo hivyo, zoezi hurudiwa mara kadhaa, na mgonjwa husihiwa asitikise kichwa.

Ugumu uko kwenye huo unaoitwa utulivu. Anayebana pumzi kwa hofu hulimbikiza kabonidayoksaidi. Mishipa ya ubongo hutanuka, damu ikaongezeka kabla ya zoezi, na asilimia ikashuka ingawa neva zimefanya kazi ile ile.

Kando ya uvimbe hatari huzidi. Mishipa ya damu iliyo ndani au pembezoni mwa baadhi ya glioma haiitikii tena wito wa neva ipasavyo. Asilimia 0.5 hapo, au hata sifuri, si ruhusa ya kukata. Kwa hiyo, inapowezekana, daktari wa upasuaji humwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji na kuugusa ubongo kwa umeme mdogo. (Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, jambo ambalo jamaa wengi huona vigumu kuliamini.) Kidole kikitikisika au kikikwama, kisu huepushwa na sehemu hiyo, hata kama ramani ilionyesha sifuri.