Mkahawa Mchanga na Daftari Lake

Kahawa si ngeni kwetu. Masufi wa Yemeni waliinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, nasi watu wa pwani tumerithi dele la shaba, kikombe kisicho mkono na kipande cha haluwa. Kijana afunguapo mkahawa mdogo katika Mji wa Kale, Mombasa, hana haja ya kumfundisha mtu kunywa kahawa. Mtihani wake ni deni.

Wateja wa miezi ya mwanzo huwa ni jamaa na majirani. Huja kwa mapenzi, wakanywa, kisha wakaaga: "Tutaonana kesho." Mwenyewe huona haya kuandika. Vikombe 10 kwa siku vyaonekana vichache. Kwa mwezi ni 300, nayo buni, makaa na kodi ya chumba havingoji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Basi kuandika kusihesabiwe ubahili wala kumtuhumu ndugu.

Daftari hilo lionyeshe pia fedha zinazokwenda nyumbani. Mwenye mkahawa ajiwekee ujira maalumu, asichote kila jikoni kunapopungua unga.

Nasi tunaomtakia kheri kijana wetu, tulipe kabla ya kuinuka barazani. Dua njema humfaa zaidi ikifuatana na thamani ya kikombe.