Tuandike Historia ya Madaraja Yetu



Kamati inapoandika maombi ya daraja, hutaja urefu, gharama na idadi ya watakaonufaika. Mara nyingi historia ya mahali penyewe husahaulika. Katika makala hii tunaeleza kwa nini historia hiyo ina thamani, na namna ya kuikusanya.

Tuanze na daraja ambalo wengi wetu tunalifahamu. Barabara itokayo Isaka na kupita hapa Ushirombo hufika hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Daraja la kuvuka mto Kagera lililojengwa pale mwaka 1972 lilikuwa na njia moja tu ya magari. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda waliingia Ngara kupitia hapo kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 2014 lilikamilika daraja jipya la njia mbili, lenye urefu wa mita 80, kwa msaada wa Japani. Anayeliangalia leo huona zege na malori. Asipoelezwa, hawezi kujua yaliyopita hapo.

Kama daraja kubwa namna hiyo linahitaji kuelezwa, je, madaraja madogo ya vigangoni kwetu? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hulindwa tu yakitangazwa rasmi. Kwa hiyo daraja la kijiji likibomolewa, kinachobaki ni kumbukumbu za wazee, nao wanatutoka mmoja mmoja.

Kazi ya kukusanya historia haihitaji fedha nyingi. Tunashauri hatua hizi:

1. Wahojini wazee, akina mama na akina baba. Kabla ya daraja watu walivukaje? Nani alibeba mawe? Maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa?

2. Pimeni urefu na upana, hesabuni nguzo, pigeni picha pande zote, na nakilini tarehe yoyote iliyochorwa kwenye zege.

3. Tafuteni maandishi. Misheni ya Ushirombo ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1891, na shirika lao lilikuwa na desturi ya kuandika shajara katika kila misheni. Ulizeni pia ofisi ya kijiji, na TARURA kwa barabara za vijijini.

4. Andikeni nakala mbili: moja ya parokia, moja ya shule.

Faida yake si kumbukumbu peke yake. Mzee anayejua maji yalifika wapi humsaidia mhandisi kupanga kimo cha daraja. Nao wafadhili wetu wataelewa kwamba wanaendeleza kazi ambayo wananchi waliianza zamani kwa mikono yao.

Basi kila kamati ichague daraja moja, na ianze na mzee aliye mkubwa kuliko wote. Huyo asingojee hadi mwakani.