Tundu za salopeti zinatoka wapi?

Mama, umekwisha kuona jambo hili: baba anarudi toka kazi, salopeti yake iko nzima. Kesho yake unaitia ku beseni, unaifula, na pale unapoikamua tundu zinatokea, ndogo ndogo, kama vile panya wameila. Watu wanasema ni sabuni mbaya, ao mtoto alisugua sana. Hapana. Ile nguo ilikuwa imekwisha kufa mbele ya kufika ku maji.

Sababu ni asidi. Kwetu tunaijua: tangu mwaka 1929 izini ya Shituru, kule Likasi, ilisafisha shaba kwa asidi ya salfa na umeme, na asidi ile ile iko ndani ya batri ya motokari. Sasa pamba ni nini? Ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari vilivyoshikana (ndiyo, sukari, lakini ya namna ambayo tumbo letu haliwezi kuivunja). Asidi inakata pale vipande vinaposhikana. Na tone lake halikauki kama maji: maji yanakwenda, asidi inabaki, inazidi kuwa kali. Nyuzi zinakatika kimya kimya, kisha sabuni inaondoa tu zile zilizokwisha kukatika.

Basi usingoje siku ya kufula. Jioni ile ile tia nguo ku maji mengi, badilisha maji mara mbili tatu, kisha itie ku maji yenye bikarbonati, ile ya kupikia mikate. Ikitoa povu, jua asidi ingali ndani. Lakini usitie Javel! Javel ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu yenye kuchoma mapafu. Asidi ikianguka ku ngozi, ni maji peke yake, mengi, na kwa muda mrefu.

Soda kostiki, ile ya kutengeneza sabuni, inafanya kinyume. Pamba inaivumilia. Lakini sufu inayeyuka ndani yake, sababu sufu ni nywele za kondoo, na nywele zimejengwa kwa protini kama nyama. Dada zetu wanaojua dawa kali ya kunyoosha nywele wanajua namna inavyochoma kichwa: nyingi ziko na soda ile ile. Ngozi yetu ni protini, koo la mtoto ni protini, jicho vilevile. Kwa hiyo kuweka soda iliyoyeyushwa ndani ya chupa ya limonade ni kutega mtego ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mtoto akinywa, usimtapishe, sababu itamchoma mara ya pili ikirudi. Safisha kinywa chake na mkimbie hospitali.

Kijana mmoja ataniuliza: na salopeti iliyopauka, naweza kuitia rangi mpya? Chomoa kwanza uzi moja, uuchome. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha donge nyeusi ngumu, ni poliesta.

Pamba inapenda maji, na rangi inaingia pamoja na maji. Kwa rangi za unga za namna ya reaktifu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1956, chumvi inasukuma rangi kwenda ku uzi, kisha soda ya kufulia (siyo kostiki!) inafanya rangi ishikane na pamba yenyewe. Ndiyo maana haitoki hata ukifula mara nyingi. Poliesta inakataa maji. Viwandani wanaitia rangi yake ya pekee ku digri 130 hivi, ndani ya chombo kilichofungwa. Sufuria yako haitafika pale: Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na maji yanachemka ku digri 96 hivi. Kuongeza makala ni kupoteza falanga.

Mwenye kufungua njia ya rangi hizi za viwanda alikuwa kijana wa miaka 18, William Perkin, kule London. Mwaka 1856 alikuwa anatafuta namna ya kutengeneza kinini, dawa ya malaria. Kinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau.

Neno moja tena mbele hujatia salopeti ku sufuria: angalia mishono. Mara nyingi uzi wa kushonea ni poliesta, hata kama kitambaa ni pamba. Nguo itatoka bluu mpya, na mishono itabaki na rangi yake ya zamani.