Unaabudu Sanamu Bila Kujua? Hii Ndiyo Maana Yake Halisi Kwa Mkristo

Ukiwa Isiolo Ijumaa mchana utasikia adhana. Rudi Jumapili, spika za makanisa zinashindana kutoka Bula Pesa hadi Kambi Garba. Kuishi na dini tofauti tumezoea. Lakini kuna bishano moja haliishi, na ni la Wakristo wenyewe kwa wenyewe: "Nyinyi Wakatoliki mnaabudu sanamu!" Msee wa Katoliki naye anajibu, "Na nyinyi mnaabudu pasta!"

Sasa nani ako sawa? Tulia tuangalie pole pole.

Amri yenyewe inakataza nini?

Kwa Kutoka 20, Mungu anakataza vitu viwili vinavyoshikana: kuwa na miungu mingine, na kuchonga sanamu uisujudie. Waprotestanti wengi wanahesabu hizo kama amri mbili, Wakatoliki wanahesabu moja. Ndio maana ukiwauliza amri ya pili ni gani, utapata majibu mawili.

Lakini cheki hii. Sura tano mbele, Mungu huyo huyo anamwambia Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu wakae juu ya sanduku la agano. Kwa hivyo kuchonga peke yake si shida. Shida ni kukipa kitu nafasi ya Mungu.

Maaskofu walikalia hii maneno kwa Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka wa 787. Wakasema picha takatifu zinaweza kuheshimiwa, lakini ibada ni ya Mungu pekee. Ni kama picha ya marehemu shosho yako ukutani. Unaipangusa vumbi, lakini huipigii magoti ikulipie karo. Waprotestanti wengi wanaona huo mpaka ni rahisi sana kuvuka, ndio maana kuta zao ziko wazi.

Story ya ndama

Kwa Kutoka 32, Musa amekawia mlimani na watu wameingiwa na wasiwasi. Wanatoa vipuli vya dhahabu, Haruni anaunda ndama. Sisi watu wa mifugo hatuwezi kushangaa mbona walichagua ndama. Ng'ombe ni maziwa, mahari, karo na heshima. Zamani huko mashariki fahali alikuwa alama ya nguvu na uzazi.

Kitu wengi huruka ni hiki: baada ya kuunda ndama, Haruni alitangaza sikukuu ya Bwana. Yaani sanamu ilibandikwa jina la Mungu. Watu hawakuona kama wamemwacha.

Halafu kuna nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu ili waliogongwa na nyoka wapone. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande. Kitu kilianza kizuri kabisa, kikageuka sanamu.

Ilivyoingia kwetu

Hii sikufundishwa darasani. Nikiwa mwaka wa kwanza chuo, mhubiri mmoja alikuja mtaani na chupa ndogo za mafuta. Mathe akauza mbuzi sita, zile zilikuwa karo yangu, akapanda "mbegu" ili Mungu afungue milango. Pesa haikurudi. Mimi pia sikurudi chuo.

Msimcheke mathe. Alikuwa na shida, na alitajiwa jina la Yesu. Lakini ile chupa ilitundikwa juu ya mlango na hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Mafuta yakipungua, halali. Sasa, kupaka mgonjwa mafuta na kumwombea iko kwa barua ya Yakobo, sura ya tano. Mafuta hayana makosa. Makosa ni pale mathe alianza kuogopa chupa kuisha kuliko vile alimwamini Mungu.

Na inaweza kuwa noma zaidi. Mwaka wa 2023, msitu wa Shakahola kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Wengi ni waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ndio wakutane na Yesu. Hapo hakukuwa na sanamu ya mti wala ya jiwe. Kulikuwa na sauti ya binadamu ambayo watu waliacha kuiuliza maswali.

Jipime hivi

Paulo, kwa Wakolosai 3, anasema tamaa ya mali nayo ni ibada ya sanamu. Yesu naye, kwa Mathayo 6, alisema huwezi kutumikia Mungu na mali pamoja. Kwa hivyo jiulize maswali matatu.

Ni kitu gani ukikosa unaona ni kama Mungu amekuacha? Nani akikuambia kitu kibaya huwezi kumwambia hapana? Na ukibanwa, unakimbilia nini kwanza?

Jibu likiwa rozari, pasta, simu, mbuzi ama chupa, usianze kumnyooshea jirani kidole.

Mathe bado anaenda kanisa, na anaomba kuliko zamani. Ile chupa aliitoa mlangoni mwenyewe. Siku hizi anawekea mafuta ya kupikia. Wewe yako umeitundika wapi?