Vitabu Vimeingia Kompyutani, Anwani Hazipatikani

Mipango ya kuhifadhi vitabu vya ufundi vya kompyuta za nyumbani za zamani hufanana karibu yote. Vitabu vikusanywe, vipigwe skani, programu isome maandishi yaliyomo kwenye picha, kisha kiwekwe kisanduku cha kutafutia. Hatua ya mwisho ndiyo hutengewa muda mfupi kuliko zote, nami naamini hapo ndipo miradi mingi ya aina hii inapokwama.

Chukua Commodore 64, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1982 kwa bei ya dola 595. Mashine hiyo ina kumbukumbu ya kilobaiti 64, na karibu kila inachofanya huagizwa kwa kuandika namba kwenye anwani fulani katika ramani ya kumbukumbu yake. Rangi ya ukingo wa skrini, kwa mfano, hubadilishwa kwa kuandika namba kwenye anwani 53280. Kwa hiyo fundi anayeikarabati leo, kijana anayeitungia mchezo mpya, au mtaalamu anayeunda programu ya kuiiga, mara nyingi hatafuti neno. Anatafuta anwani.

Na anwani moja ina sura nyingi. Aliyejifunza kwa lugha ya BASIC ataandika 53280. Aliyezoea lugha ya mashine ataandika $D020, na wa siku hizi 0xD020. Tena vitabu vya Commodore vyenyewe, vikimfundisha anayeanza kuchora picha zinazotembea, huanza kwa kutamka kwamba V ni 53248, kisha kila kitu huhesabiwa kuanzia hapo. Humo ukingo wa skrini unakuwa V+32. Mtafutaji akiandika 53280 atapata kurasa chache na kudhani zimekwisha, kumbe maelezo aliyoyahitaji yamo kwenye kitabu kilekile kwa sura nyingine. Zana isiyojua kwamba sura hizo zote ni kitu kimoja haijamsaidia, hata kama imepitia maelfu ya kurasa kwa sekunde moja.

Lipo kubwa zaidi ya hilo. Programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha ikikosea neno, msomaji huliona kosa na kulirekebisha kichwani bila kusimama. Namba haina kinga hiyo. Anwani $D018 huieleza chipu ya picha mahali pa kuchukua herufi na skrini. Anwani $D01B huamua kama picha inayotembea itapita mbele au nyuma ya mandhari. Tofauti kati ya anwani hizo ni 8 na B, na kwenye karatasi ya miaka ya 1980, iliyochapwa kwa wino uliofifia, alama hizo mbili huchanganywa kwa urahisi. Zote mbili ni anwani halali, na hakuna kamusi ya kuonya kwamba moja imewekwa pasipo pake. Kampuni ya Commodore iliyoitengeneza mashine hiyo nayo ilifilisika mwaka 1994, kwa hiyo ofisi yake ya kupigiwa simu haipo tena. Mwamuzi aliyebaki ni mashine yenyewe: unaandika namba, unatazama kinachotokea.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wasahihishaji watangulie kwenye bajeti, kabla ya seva na kabla ya sura ya tovuti. Mtu mmoja mvumilivu anayejua mashine, akipewa jedwali la kumbukumbu na nafasi ya kujaribu kila safu, ataifaa zana kuliko skana mpya.

Kazi ya mtaalamu wa programu Michael Steil juu ya Commodore 64 inaonyesha kwamba hilo linawezekana. Badala ya kurundika picha za kurasa, amepanga maelezo ya waandishi mbalimbali ubavu kwa ubavu, anwani kwa anwani, yakiwa maandishi halisi. Msomaji huona papo hapo wapi waandishi wanakubaliana na wapi wanapishana, na kosa la mmoja hufichuliwa na jirani yake. Mradi huo umejikita hasa kwenye mashine moja, na naona nguvu yake imetokana na kukubali udogo huo. Mipango inayoahidi kila kompyuta ya enzi hizo kwa mkupuo hupata wingi wa kurasa mapema, na watumiaji wake hurudi kuperuzi kurasa mojamoja.

Kuna sehemu ambayo bado haijapata dawa nzuri. Mwongozo wa waandishi wa programu za Commodore 64 uliambatana na mchoro mkubwa wa umeme, karatasi ya kukunjua iliyozidi upana wa kioo cha skana ya kawaida. Mara nyingi karatasi za aina hiyo hupigwa vipande, na majina ya nyaya hukatika penye mkunjo. Fundi anayefuatilia waya kutoka chipu moja hadi nyingine hawezi kusaidiwa na kisanduku cha kutafutia mpaka mtu akae, ayasome majina hayo kwa macho, na kuyachapa moja baada ya jingine pamoja na mahali yalipo kwenye mchoro. Kazi hiyo itachukua jioni nyingi, na ingefaa iandikwe kwenye mpango tangu siku ya kwanza, ikiwa na mtu wake na malipo yake.