Kisukari: Kubadili dawa si kubadili nembo ya sabuni

Mfanyabiashara wa mchele wa Bujonde, wilayani Kyela, humhama muuzaji wa magunia bei inapopanda, na hapati hasara. Akifanya hivyo kwa dawa ya kisukari, anaweza kupoteza zaidi ya mtaji.

Fedha katika bonde la Kyela hufuata mavuno ya mpunga na kakao. Msimu ukiwa mzuri, mgonjwa hununua dawa aliyoandikiwa. Mfuko ukikauka, hutafuta ya bei nafuu au huchukua iliyopo dukani. Hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Nembo mbili, bidhaa moja

Cha kutazama kwanza ni jina la kitaalamu, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo. Metformini za viwanda viwili, zikiwa za aina na miligramu zilezile, ni bidhaa moja. Anayelipia nembo tu anatupa fedha.

Kutoka metformini kwenda glibenklamidi ni jambo jingine. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na nguvu yake huweza kudumu saa 24. Mchuuzi anayeondoka alfajiri kwenda Kasumulu bila kula yumo hatarini, hasa akiwa mzee au mwenye figo dhaifu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliingiza gliklazidi katika orodha ya dawa muhimu, likieleza kuwa glibenklamidi haiwafai wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Hatari nyingine ni kumalizia vidonge vya zamani huku vipya vimeanza, bila daktari kuagiza hivyo.

Insulini haina makadirio

Chupa ya U-100 ina yuniti 100 kwa kila mililita. Ya U-40 ina yuniti 40. Anayevuta U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 20 hujidunga yuniti 50. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kabisa, hata akiahidiwa vidonge au mizizi.

Gharama halisi

Anayetaka kubadili aende kituo cha afya na boksi la zamani, aulize siku ya kuacha, siku ya kuanza na dozi, apimwe figo, na apime sukari mara nyingi zaidi wiki za kwanza. Jasho, kutetemeka na njaa ya ghafla ni dalili za sukari kushuka: anywe maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Anayetumia glibenklamidi aende hospitali hata akipata nafuu, kwani sukari huweza kushuka tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Bei ya dawa mpya, basi, ni ya kidonge pamoja na nauli na vipimo. Ikijumlishwa hivyo, dawa iliyoonekana rahisi dukani huenda isiwe rahisi tena.